Bingwa wa Theluji wa Abu Hamour

Jumatatu, 1 Desemba 2014

Koti limetoka.

Nimeliona kwa macho yangu mawili, limeanikwa nyuma ya jikoni. Koti jekundu la Winfred, lile la theluji, nene kama godoro la hospitali. Koti likitoka, ujue masanduku yanafungwa. Masanduku yakifungwa, ujue mke wangu anaenda. Na mke wangu akienda, mimi Githinji, dereva namba moja wa mtaa wa Abu Hamour hapa Doha, nabaki na paka na bomba la kumwagilia maua.

Wacha nipange maneno, isije siku moja shajara hii ikasomwa na watu wakubwa wakapotea. Winfred ni yaya wa watoto wa nyumba hii. Mimi ni dereva wa nyumba hii hii. Yeye hulala juu na watoto. Mimi hulala chumba cha langoni. Katikati kuna ngazi, uwanja, na mtoto wa miaka mitatu anayepiga nduru akiamka asimwone. Mwaka mzima mimi na mke wangu tunaishi kama majirani: yeye dirishani, mimi naosha gari. Ijumaa, ndiyo Jumapili ya huku, tukitoka kanisani ndiyo ndoa yetu, saa mbili na nusu, pamoja na kutembea.

Halafu Desemba inafika. Baba, yaani mwajiri wetu, na Madam wanahamia Austria kuteleza kwenye theluji. Mji wenyewe ukiutamka unadhani mtu amekabwa na mfupa. Winfred huenda na watoto, anarudi mwisho wa Januari. Misimu mitatu sasa! Na dereva anayeenda si mimi. Ni Jeremiah, Mganda wa nyumba ya jirani, dereva wa kaka mkubwa wa Baba, ambaye husafiri nao. Kila mwaka anarudi na picha mia mbili kwenye simu. Jeremiah na mlima. Jeremiah na sanamu ya theluji. Jeremiah akinywa kitu chenye moshi. Na pale pembeni, katika picha kumi na moja, koti jekundu.

Uamuzi: msimu huu naenda. Namna gani? Bado. Kichwa kiko kazini.

Jumatano, 3 Desemba

Mpango umezaliwa. Sikuuzaa mimi, umezaliwa na mdomo.

Nilikuwa namrudisha Baba kutoka majlisi ya rafiki zake. Alikuwa kwenye simu akilalamika kwamba mwaka huu theluji ni nyingi, gari zitakazokodiwa ni mbili, na dereva waliyempata kule mwaka jana anaendesha kama anapeleka maiti. Kiarabu changu ni cha barabarani tu, kulia, kushoto, simama hapa, lakini nakisikia kuliko ninavyokisema, na neno la theluji nalijua. Baba akakata simu. Hapo nikasikia mtu anasema kwamba yeye amezaliwa chini ya Mlima Kenya, theluji mpaka magotini, wanaichota kwa sepetu kabla ya kukamua ng'ombe. Na kwamba amewapeleka watalii juu kule misimu mitano, magurudumu yamefungwa minyororo.

Mtu huyo alikuwa mimi. Mdomo wangu una leseni yake peke yake.

Ukweli, kwa kuwa hapa hakuna mtu: natoka Karatina. Asubuhi mawingu yakiondoka tunauona mlima kwa mbali, juu kuna weupe kidogo kama ugali uliokwama ukingoni mwa sufuria. Uhusiano wangu na theluji unaishia hapo.

Baba akanitazama kwenye kioo. Akasema inshallah. Sasa, inshallah ziko tatu. Kuna ya ndiyo, kuna ya hapana, na kuna ya funga dirisha. Hii ilikuwa ya ndiyo. Nina uzoefu.

Ijumaa, 5 Desemba

Kanisani nilikaa na Winfred, nikamwangalia kwa siri kama mtu aliyeficha zawadi. Sijamwambia. Ataniona tu uwanja wa ndege, na koti langu! Ajabu ni kwamba yeye pia alikuwa anachekacheka. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, Baba Chelsea, subiri, kitu kikikomaa nitakuambia. Chelsea ni binti yetu, yuko Karatina kwa nyanya yake, ana miaka sita na anajua kusoma kuliko babake. Nikafikiri ni habari za shule.

Baadaye nikaenda mazoezini. Owen, Mkamba mmoja mwenye moyo mzuri, ni askari kwenye mall yenye uwanja wa barafu. Akaniingiza. Nikavaa viatu vya visu. Nikasimama. Hapo ndipo habari nzuri zinapoishia.

Barafu haina adabu. Unaweka mguu hapa, yenyewe inaupeleka kwa jirani. Nilianguka mara nne kabla sijaachia ukuta. Wakaniletea pengwini wa plastiki, yule ndege mwenye tumbo jeupe, ambaye watoto wadogo humshika vipini wakijifunza. Basi nikazunguka na ndege wangu, kiuno nyuma, magoti yakisalimiana. Mtoto wa Kifilipino wa miaka kama minne akanipita akirudi kinyumenyume. Akanipungia mkono! Owen alikuwa amelala juu ya kizuizi kwa kucheka, redio yake ya kazini inaita na yeye hasikii.

Lakini nilimaliza mzunguko mmoja. Andika hapo: mmoja. Jeremiah hajawahi.

Jumapili, 7 Desemba

Jeremiah amesikia. Sijui nani amemwambia. (Mimi.) Akaja langoni na kikombe chake cha chai, akaniuliza mbele ya Edith, mpishi wetu, eti ssebo, yaani bwana kwa lugha yao, kule theluji ikigandisha kioo cha gari unafanya nini? Nikamwambia sisi watu wa mlimani hatuulizwi maswali ya chekechea. Akasema sawa, na minyororo inafungwa magurudumu ya mbele au ya nyuma? Nikamwambia inategemea tabia ya gari. Edith akaingia ndani haraka, mabega yanatikisika.

Sikupenda yale mabega. Nikaendesha moja kwa moja hadi Industrial Area kutafuta minyororo ya magurudumu. Nimezunguka gereji kumi na mbili. Doha nzima haina mtu anayeuza minyororo ya theluji, nashangaa biashara ya nchi hii inaendeshwaje. Mwishowe fundi mmoja wa Kipakistani akaniazima mnyororo wa kuvutia malori. Kilo arobaini hivi. Akaniuliza lori liko wapi. Nikamwambia liko njiani.

Saa kumi, Baba akiwa amelala, nikaufunga kwenye gurudumu la Land Cruiser uwanjani. Nikawasha. Nikatoa breki.

Sijawahi kusikia kelele kama ile. Kama mabati ya shule yanang'olewa na shetani. Gari ilienda hatua tatu, vigae viwili vikaruka, paka akapanda mtende. Nyumba zote zikafungua madirisha. Na Baba akatoka, kanzu ya kulalia, kofia upande.

Nikasema kwaheri Doha. Chelsea, baba anarudi nyumbani.

Baba akazunguka gari. Akatazama mnyororo. Akatazama vigae. Akauliza nafanya nini. Nikasema mazoezi ya theluji, Baba. Akasukuma kigae kimoja kwa ndala. Halafu akasema kwamba Jeremiah ana misimu mitano na hajawahi hata siku moja kufanya mazoezi.

Jeremiah alikuwa amesimama palepale langoni, kikombe mkononi. Chai ilikuwa imepoa.

Jumanne, 9 Desemba

NAENDA!

Baba mwenyewe amechukua pasipoti yangu kutoka kwenye sefu kuipeleka kuombewa viza. Amesema kibali changu cha kutoka nchini atasaini wiki hii. Nimepigwa alama za vidole kumi, vyote vimekubali. Safari ni Ijumaa ya tarehe kumi na tisa, asubuhi.

Jeremiah amenisalimia leo kwa kuniita mheshimiwa. Nimemwambia asijali, nitamfundisha.

Ijumaa, 12 Desemba

Sijui nianze wapi. Kalamu yenyewe inasita.

Tulitoka kanisani. Nikamwambia Winfred nina neno. Akasema hata yeye lake limekomaa. Nikamwambia aanze yeye, mimi ni muungwana. Akakataa, akasema wewe kwanza, kichwa cha nyumba. Basi nikatangaza. Nikanyoosha mikono kabisa, kama mtu wa redio. Mama Chelsea, msimu huu hauendi peke yako, mumeo anaenda Austria!

Akasimama. Akacheka. Alicheka mpaka Damaris wa kwaya akageuka kutazama. Halafu akaacha kucheka, akakaa kwenye ukingo wa barabara na nguo yake nzuri ya kanisa.

Akaniambia lake. Amemwomba Madam msimu huu abaki. Alimwambia tu ukweli, kwamba amechoka kuwa na mume wa dirishani. Madam akakubali siku hiyohiyo. Edith ndiye anayeenda na watoto. Winfred alikuwa anasubiri tiketi ya Edith itoke ndipo aniambie. Wiki sita, Baba Chelsea. Nyumba tupu, mimi na wewe, kazi ni kumwagilia maua na kulisha paka. Tungeishi kama watu.

Na lile koti lililoanikwa? Alikuwa amemfulia Edith.

Halafu akafungua mfuko aliokuwa nao tangu asubuhi. Blanketi. La watu wawili, rangi ya damu ya mzee, lina picha ya chui. Bado liko kwenye plastiki yake. Alilinunua mwezi wa tisa, akalificha chini ya kitanda cha mtoto.

Nikambebea mfuko mpaka nyumbani, chui akinitazama kupitia plastiki.

Jumapili, 14 Desemba

Nimelala, nimeamka, nimepata suluhisho. Matatu.

La kwanza: Edith abaki, Winfred aende. Edith amesema ameshatangaza Kisii nzima, mamake amemwombea safari kanisani, na nikirudia tena hilo wazo atanipikia kitu. Sikuuliza ni kitu gani.

La pili: ugonjwa. Nikachechemea mbele ya Baba kuanzia getini hadi kwenye gari. Akasikitika sana. Akanipeleka kliniki yeye mwenyewe, yeye akiendesha, mimi nimekaa nyuma kama waziri! Daktari amenigonga magoti, amenisikiliza moyo, amesema nina afya ya kuuzika. Baba akafurahi, akasema alhamdulillahi, theluji inataka mtu mwenye miguu.

La tatu: Jeremiah. Nilimwendea kwa unyenyekevu, nikamwambia ndugu yangu, hebu mwambie bosi wako amwambie Baba kwamba dereva mmoja anatosha, zamu zote uchukue wewe. Akaniuliza kama nimeogopa. Nikamwambia mimi? Kuogopa? Nikamweleza namna nilivyowahi kushuka Mlima Kenya bila breki. Nilipomaliza tukaagana. Nilikuwa nimefika chumbani ndipo nikakumbuka nilichokuwa nimeendea.

Jumanne, 16 Desemba

Viza imetoka. Picha yangu imetokea vibaya, naonekana kama mtu anayetafutwa.

Winfred hajanikasirikia. Hilo ndilo tatizo. Mwanamke akikasirika, kuna njia. Huyu amekuja langoni watoto wakiwa wamelala mchana, ameleta soksi zake za sufu, jozi tatu, na glavu, akanionyesha jinsi ya kuvaa soksi mbili pamoja bila kukunja kidole. Akasema kule usile theluji hata kama watoto watakudanganya. Akasema nimpigie picha ya ule mlima wenye kanisa, ndio aliokuwa akiutazama kila asubuhi misimu yote mitatu akijiuliza mimi nimeamkaje.

Nikamuuliza blanketi atalifanyia nini. Akasema ni kubwa mno kwa mtu mmoja, atalirudisha kwenye plastiki.

Akaenda zake. Nimekaa na soksi mkononi mpaka Madam akapiga simu aletewe gari.

Alhamisi, 18 Desemba

Siku ya Taifa. Bendera kila mahali, magari yamepakwa picha hadi kwenye vioo, vijana wametoka nusu dirishani na kupuliza povu. Baba alitaka kuona Kornishi, ile barabara ya ufukweni. Tumekaa kwenye foleni kwa muda wa saa mbili, hatujasogea urefu wa kanisa moja.

Kesho ni safari. Nikatazama mikono yangu kwenye usukani. Nikaona soksi za sufu. Nikaona chui kwenye plastiki.

Nikasema, Baba, mimi sijui theluji.

Akasema nini? Nje honi, ndani honi. Nikarudia kwa sauti. Sijui theluji! Sijawahi kuigusa ila kwenye friza ya Madam! Watalii sijabeba! Kule nyumbani nilikuwa nabeba kabichi! Kijana mmoja aliyetoka dirisha la gari la pembeni akanipigia makofi, sijui alisikia nini.

Baba akazima redio. Akauliza sasa kwa nini nilisema. Nikamwambia kwa sababu ya mke wangu. Nikamweleza yote, misimu mitatu, dirisha, blanketi, lakini chui nikamwacha, kuna mambo ya nyumba. Nikamwambia akitaka kunirudisha Kenya ni haki yake, ila vile vigae nitavibandika kwanza.

Bega la Baba likaanza kutikisika kama la Edith. Alicheka hadi akatoa miwani. Akasema kule atakodi dereva yuleyule wa maiti, angalau maiti hufika salama. Halafu akaacha kucheka, akaniambia neno kwa upole, kama anamwambia mwanawe. Kwamba Winfred alitaka kitu akaomba, akapewa siku ileile. Mimi nilitaka kitu, nikamvunjia vigae. Githinji, mtu akitaka kitu, si aombe tu?

Nikasema ndiyo, Baba. Ni neno zito. Nimeliandika hapa ili nisilisahau.

Ijumaa, 19 Desemba

Wamekwenda! Nimewafikisha uwanja wa ndege asubuhi na mapema. Edith amevaa koti jekundu ndani ya joto, jasho linamtiririka, amekataa kulivua. Jeremiah ameniaga kwa huzuni, nafikiri atanikumbuka. Viza yangu imebaki kwenye pasipoti, haijatumika, nzuri vilevile.

Nikampitia Winfred kanisani. Tukarudi nyumbani. Hatukukimbilia saa. Akapika chapati, mimi nikakata vitunguu vibaya, akanifukuza jikoni, nikarudi. Tukampigia Chelsea, akatusomea ukurasa mzima wa kitabu cha shule, sikuelewa na nikapiga makofi.

Plastiki imefunguliwa. Chui yuko huru. Sina zaidi la kuandika, mimi ni mtu mwenye furaha na sihitaji mpango wowote maisha yangu yote.

Jumamosi, 20 Desemba

Asubuhi amekuja Khalid, mdogo wake Baba. Huyu hapendi theluji. Yeye majira ya baridi hupiga kambi jangwani, kule Sealine, kama familia nyingi za hapa: mahema, moto, majlisi ya mchangani, ngamia, jenereta, mpaka mwezi wa tatu. Alikuja kuchukua mazulia stoo.

Alikuwa kwenye simu, analalamika. Mlinzi wake wa kambi amefiwa, amerudi Sudan. Hana mtu wa kukaa na ngamia.

Hakuwa anasema na mimi. Naomba hilo lieleweke. Alikuwa anasema na simu. Winfred alikuwa kando yangu, akanishika kiwiko, akanifinya kwa kucha zote tano.

Nikasikia mtu anasema kwamba yeye amelelewa na ngamia. Kwamba ngamia wa kwao walikuwa wanamjua kwa jina.

Jumatano, 24 Desemba

Sealine. Baridi! Nani alisema jangwa ni joto? Mchanga huku asubuhi ni kama kuvaa viatu vilivyotoka kwenye friji. Nimevaa soksi za Winfred jozi zote tatu, moja mikononi.

Ngamia ni watatu. Mkubwa amenitemea mate mara mbili leo, kitu cha kijani chenye mawazo yake. Jenereta inazimika nikiisifu. Simu inashika mtandao juu ya kilima kimoja tu. Nimepanda mara saba. Mara sita Winfred hakupokea. Ya saba alipokea, akasema, ehe, bingwa wa ngamia, blanketi liko salama, kisha nikasikia tu chapati ikigeuzwa kwenye kikaango.

Jeremiah ametuma picha kutoka Austria. Nyuma ni mlima wenye kanisa. Nimeutazama sana.

Mipango ya kurudi Abu Hamour: (1) jenereta ilipuke kidogo. (2) Ngamia waugue, lakini wasife. (3) Nife mimi, lakini kidogo.

Ijumaa, 26 Desemba

Adhuhuri gari za Khalid zimefika na wageni. Nimekimbia kuwapokea, mate ya ngamia begani. Mlango wa nyuma ukafunguka, akashuka Winfred! Sufuria mkono mmoja, na kwapani chui.

Nimeuliza kwa mshangao amefanya hila gani. Kughushi barua? Kujifanya mgonjwa? Akaniangalia kama mtu anayemsomesha ng'ombe. Akasema amempigia Khalid jana, Krismasi, akamwambia mume wangu yuko kwako, naomba nije nipike kambini mpaka Madam arudi. Khalid akasema karibu. Paka amemwachia Damaris.

Ndiyo hivyo tu. Ameomba. Kichwa changu kinazunguka, ni ujanja wa ngazi za juu sana, sijawahi kuufikiria.

Sasa tuko mbele ya hema letu. Hema letu! Blanketi liko ndani, jua liko nje, nina chapati mkononi na mke ubavuni. Hapa ndipo naandikia. Sitaki kitu kingine.

Pale mbele Khalid na wageni wamesimama wanaangalia juu. Mwewe wake wa kuwindia, yule wa bei mbaya, amekataa kurudi, amekaa juu ya nguzo ya taa na kiburi chake chote. Khalid anauliza kama kuna mtu yeyote anayejua tabia za mwewe. Winfred amevunja kipande kikubwa cha chapati, amenijaza mdomo hadi mashavuni.

Nimetafuna. Nimemeza.

Khalid bado anauliza. Na mimi mwewe namjua toka utotoni, ndiye aliyekuwa akiiba vifaranga vya mama.